Mafundi wa Rada Walipovua Sare

Mtu akitoka jeshini, ujuzi alioupata kule unatoka naye, au unabaki kwenye ghala pamoja na sare na bunduki? Swali hili si la leo. Mamilioni ya watu walijiuliza hivyo mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha. Katika makala hii nataka kufuata kundi moja tu kati yao: wale waliokuwa wakitengeneza redio na mitambo ya umeme ya jeshi. Sizungumzii marubani wala majenerali. Nazungumzia wale waliokaa nyuma na bisibisi na mita mkononi, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha chombo kinawaka.

Nimewachagua kwa sababu historia yao inagusa jambo ambalo vijana ninaofanya nao kazi hapa kambini wananiuliza karibu kila wiki. Na jibu linalotoka humo si lile tulilozoea kuwapa. Sisi tunawaambia, "Jifunze ufundi, fundi hakosi kazi." Historia inasema: inategemea.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Rada ni mtambo unaotuma mawimbi ya redio kwa vipindi vifupi sana, halafu unasikiliza mwangwi. Wimbi likigonga ndege au meli, sehemu yake inarudi. Mawimbi ya redio yanakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukipima muda wa kwenda na kurudi unajua kitu kiko mbali kiasi gani. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kitu kiko mita 150 kutoka ulipo. Hebu fikiria: kabla ya hapo, fundi wa redio wa mtaani hakuwa na sababu yoyote ya kupima muda mdogo namna hiyo. Fundi wa rada alifanya hivyo kila siku.

Vita ilipoanza mwaka 1939, Uingereza ilikuwa na vituo vya rada kando ya bahari, vyenye minara mirefu ya kutazama ndege za Ujerumani. Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walitengeneza kifaa kinachoitwa magnetroni, ambacho kilitoa mawimbi mafupi yenye nguvu kubwa. Mwaka huohuo Waingereza walikibeba hadi Marekani ili wakitengeneze pamoja. Kuanzia hapo rada ikawa ndogo, ikaingia ndani ya ndege na meli. Na chombo kikiwa kwenye maelfu ya ndege na meli, kitaharibika kwenye maelfu ya ndege na meli. Mafundi wakahitajika haraka.

Jeshi la majini la Marekani liliwatafuta kwa mtihani. Waliuita mtihani wa Eddy, kwa jina la William Eddy, ofisa aliyekuwa amestaafu kwa sababu ya masikio, akawa anaendesha kituo cha televisheni Chicago. Vita ilipofika kwao alirudi kazini kufundisha. Kijana aliyeshinda mtihani huo, hata kama alikuwa na elimu ya sekondari tu, aliingia kwenye mafunzo yaliyochukua karibu mwaka mzima: hesabu, umeme, redio, halafu rada yenyewe. Alitoka pale akijua mitambo ambayo miaka michache nyuma haikuwapo kabisa.

Lakini kitu kikubwa alichojifunza hakikuwa rada. Kilikuwa namna ya kutafuta kosa. Mtambo ukifa, fundi mzuri haanzi kugusa kila kipande kuanzia mwanzo. Anaugawa katikati kwa akili yake, anapima pale katikati. Ishara ikifika pale vizuri, nusu ya nyuma ni nzima, shida iko mbele. Anagawa tena ile nusu iliyobaki. Mtambo wenye hatua 64 unaweza kukuonyesha kosa lake kwa vipimo sita tu, kama unajua kuugawa. Huyo hababaishi wala habahatishi. Na ujuzi wa namna hiyo haujali kama chombo kilicho mbele yako ni cha vita au cha kuchezea muziki harusini.

Sasa tumwangalie mmoja. Douglas Engelbart alizaliwa mwaka 1925 Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Alikuwa anasoma uhandisi wa umeme chuoni, jeshi likamchukua, likamfanya fundi wa rada. Meli yake ilikuwa ndiyo inaondoka San Francisco mwezi Agosti 1945 wakati habari za kushindwa kwa Japani zilipofika. Vita imekwisha na yeye ndiyo kwanza anakwenda! Wakampeleka Ufilipino. Kwenye kisiwa cha Leyte alikuta kibanda kilichosimama juu ya nguzo, maktaba ya Msalaba Mwekundu, akaingia kusoma. Humo alikuta makala ya mwanasayansi Vannevar Bush, aliyeeleza mashine ambayo ingemsaidia mtu kutunza na kutafuta maarifa yake yote. Makala hiyo haikumtoka kichwani.

Alirudi, akamaliza chuo mwaka 1948, akaajiriwa kwenye maabara ya utafiti wa ndege huko California. Miaka miwili mitatu baadaye, akiwaza afanye nini na maisha yake, alikumbuka kioo cha rada. Wakati ule kompyuta zilikuwa chache na kubwa kama nyumba, na ulizungumza nazo kwa kadi zilizotobolewa matundu: unapeleka kadi, unangoja jibu. Engelbart alisema moyoni, kama mashine ya rada inaweza kumwonyesha mtu habari kwenye kioo papo hapo, kwa nini kompyuta isiweze? Wahandisi wengine hawakuwa na picha hiyo kichwani kwa sababu hawakuwahi kukaa mbele ya kioo kama kile. Yeye alikuwa amekaa.

Alisoma hadi shahada ya udaktari, Berkeley, mwaka 1955. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, alisimama mbele ya watu karibu 1,000 akawaonyesha kompyuta yenye kioo, maandishi yanayosahihishwa hapohapo, na kidude kidogo cha kusukuma kwa mkono, kile ambacho leo tunakiita mausi. Cha kwanza kilikuwa cha mbao. Kila mara unapogusa mausi kwenye chumba cha kompyuta, unagusa kitu kilichotoka kwenye kichwa cha fundi wa rada.

Hadithi hii inapendeza, na watu wa kutia moyo vijana wangeishia hapa. Mimi siishii hapa, kwa sababu Engelbart hakuvuka peke yake. Alikuwa na chuo cha kurudia, kilichokuwa kimeshamwandika jina. Swali ni je, wale wasiokuwa na chuo cha kurudia?

Serikali ya Marekani iliwatengenezea daraja. Tarehe 22 Juni 1944, kabla hata vita haijaisha, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia askari wanaorudi. Sheria hiyo iliwalipia karo hadi dola 500 kwa mwaka, na posho ya kila mwezi ya kuishi. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1956, watu karibu milioni 7.8 walikuwa wamesoma kupitia mpango huo. Tunapousikia tunafikiria vyuo vikuu, lakini waliokwenda vyuo vikuu ni kama milioni 2.2 tu. Wengine wote, yaani zaidi ya watu 2 kati ya kila 3, walikwenda shule za ufundi, sekondari, mafunzo ya kazini na ya kilimo. Kwa maneno mengine, lile daraja kubwa halikuwa la maprofesa. Lilikuwa la mafundi na wakulima.

Na upande wa pili wa daraja kulikuwa na kazi inayowangoja. Kioo cha rada na kioo cha televisheni ya zamani ni ndugu: vyote viwili ni chupa kubwa isiyo na hewa, inayorusha elektroni kwenye uso unaong'aa. Vita ilipokwisha, Marekani ilikuwa na televisheni elfu chache tu. Mwaka 1955 zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa nayo. Televisheni hizo zilikuwa na valvu, na valvu huungua kama balbu. Kwa hiyo kila mtaa ulihitaji fundi. Aliyekuwa ametengeneza rada melini alipofungua televisheni kwa mara ya kwanza hakukuta mgeni ndani yake.

Uingereza nako daraja lilikuwa la aina nyingine: vifaa. Bernard Lovell alifanya kazi ya rada za ndege wakati wa vita. Ilipokwisha alirudi Chuo Kikuu cha Manchester akitaka kuchunguza miali inayotoka angani. Hakuwa na pesa za kununua mitambo mipya. Alichukua rada za jeshi zilizokuwa hazina kazi tena, zikiwa juu ya magari yake. Mjini hazikufaa kwa sababu treni za umeme za barabarani zilileta kelele kwenye mtambo. Basi Desemba 1945 akazipeleka shambani, mahali panapoitwa Jodrell Bank, pa watu wa chuo wanaosomea mimea. Kwa rada hizo kuukuu akaanza kusikia mwangwi wa vimondo. Miaka 12 baadaye, mwaka 1957, mahali hapohapo palikuwa pamesimama darubini ya redio yenye upana wa mita 76, na kazi yake moja ya mwanzo ilikuwa kufuatilia roketi iliyobeba Sputnik ya Wasovieti.

Chuo hichohicho cha Manchester, Frederic Williams na Tom Kilburn, nao wakitoka kwenye maabara ya rada, walichukua wazo la kutunza mwangwi wa rada ndani ya kioo, wakalifanya kuwa la kutunza tarakimu. Tarehe 21 Juni 1948 kompyuta yao ndogo iliendesha programu iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake yenyewe, ya kwanza duniani kufanya hivyo. Iliendesha kwa dakika 52 kabla ya kutoa jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Vioo walivyoanza navyo ni vilevile vilivyokuwa vinaonyesha ndege za adui.

Mpaka hapa ninazungumza juu ya walioshinda vita. Unaweza kuniambia, ndugu yangu, sisi si walioshinda vita. Sisi vita vimetushinda, tumevikimbia. Ni kweli. Basi twende Tokyo.

Mwaka 1945 Tokyo ilikuwa majivu. Hapakuwa na posho wala karo kwa aliyerudi kutoka jeshini. Masaru Ibuka alikuwa mhandisi aliyeendesha kampuni ya vipimo iliyokuwa ikifanyia jeshi kazi. Akio Morita alikuwa ofisa kijana wa jeshi la majini, msomi wa fizikia. Walifahamiana kwenye kamati ya utafiti wa silaha zinazofuata joto. Vita ilipokwisha, Ibuka alipata chumba kwenye ghorofa ya tatu ya duka kubwa la Shirokiya lililokuwa limeharibiwa kwa mabomu, akaanza na watu wachache. Kazi yao ya kwanza ya maana ilikuwa nini? Kutengeneza redio za majirani.

Tuangalie kwa makini, maana hapa ndipo penye funzo. Wakati wa vita ilikuwa marufuku kwa Mjapani kusikiliza masafa mafupi, wasije wakasikia matangazo ya adui. Redio nyingi zilikuwa zimekatwa sehemu hiyo, au zimeharibika kwa mabomu. Amani ilipokuja watu walikuwa na njaa ya habari kama walivyokuwa na njaa ya wali. Ibuka na wenzake walitengeneza kifaa kidogo cha kuongeza kwenye redio ya kawaida ili ishike masafa mafupi. Gazeti likaandika habari zao mwezi Oktoba 1945. Morita akasoma, akamtafuta rafiki yake.

Walijaribu pia kutengeneza chungu cha umeme cha kupikia wali, pipa la mbao lenye umeme chini yake. Wali ukatoka mara mbichi, mara bokoboko. Kikawashinda. Tarehe 7 Mei 1946 waliandikisha kampuni yenye watu kama 20. Mwaka 1950 walitoa mashine ya kurekodi sauti kwenye utepe, mwaka 1955 redio ndogo ya transista, na mwaka 1958 kampuni ikabadilisha jina kuwa Sony.

Kuna jambo dogo kwenye maisha ya Morita ambalo wengi hawalisimulii. Baada ya vita alikuwa amepata kazi ya kufundisha chuoni. Halafu Wamarekani waliokuwa wakitawala Japani wakatoa amri kwamba waliokuwa maofisa wa jeshi wasifundishe. Morita akaacha ualimu akaingia moja kwa moja kwenye ile karakana. Kwa hiyo hata yeye alikuta mlango umeandikwa: wewe ulivaa sare, huku usipite. Ila tusidanganyane. Morita alikuwa na mlango wa pili. Wazazi wake walikuwa matajiri wa kutengeneza pombe ya mchele, na baba yake aliikopesha kampuni pesa. Fundi wa kawaida wa Tokyo hakuwa na baba kama huyo.

Sasa nimefika kwenye sehemu ambayo ni ngumu kuandika, ya wale waliokuwa na ujuzi na daraja likakatwa wakiwa wanalikanyaga.

Rudi Marekani. Sheria ile ya 1944 haikutaja rangi ya mtu. Lakini aliyeamua nani apelekwe kazi gani alikuwa ofisa wa mtaani kwake. Mississippi, kufikia Oktoba 1946, ofisi za ajira zilikuwa zimewapatia kazi zisizo za shamba askari wastaafu 6,500. Katika kazi zenye ujuzi, asilimia 86 walipewa wazungu. Katika kazi za kubeba na kufagia, asilimia 92 walipewa weusi. Mtu mweusi aliyejifunza kazi ya waya au mashine jeshini alifika ofisini na karatasi yake, akaonyeshwa ufagio. Karatasi ilikuwepo, sheria ilikuwepo. Aliyekaa mezani ndiye alikuwa mlango.

Na huku kwetu? Katika vita hiyohiyo jeshi la King's African Rifles lilichukua watu karibu 98,000 kutoka Kenya na karibu 87,000 kutoka Tanganyika, mbali na wa Uganda na Nyasaland. Walipigana Uhabeshi, walikwenda Madagaska, walifika Burma. Kati yao wapo waliojifunza kuendesha magari, kutengeneza injini, kutuma habari kwa redio na kwa nukta na vistari vya Morse. Lugha yao ya jeshini ilikuwa hii hii tunayoandikia. Walivuka bahari, wakaona wazungu wakikimbia na wakifa kama watu wengine.

Waliporudi Kenya, karatasi iliyowangoja ilikuwa kipande. Kipande ni hati ambayo kila mwanamume Mwafrika alipaswa kuwa nayo, yenye alama za vidole vyake, na ndani yake mwajiri aliandika kazi na mshahara wake. Nafikiri hapa tunaona tofauti ya karatasi na karatasi. Cheti kinasema, "Mtu huyu anaweza kufanya hiki, mpandishe." Kipande kinasema, "Mtu huyu alikuwa analipwa hiki, usimzidishie." Zote ni karatasi, zote zina jina lako. Moja inafungua, nyingine inafunga.

Waruhiu Itote hakuwa fundi wa redio, alikuwa askari wa miguu, koplo aliyepigana Burma. Aliporudi alipata kazi ya kuchochea moto kwenye treni. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Jenerali China, kwenye msitu wa Mlima Kenya. Aliyepata kazi serikalini naye alikuta ngazi nyingine. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya serikali katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, ilipendekeza Mwafrika mwenye cheo sawa na Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Soma tena: cheo sawa. Yaani hata ukivuka daraja, wanakupunguzia sehemu mbili upande wa pili. Baada ya hapo mtu akiuliza kwa nini askari wastaafu wengi waliingia kwenye siasa za kudai uhuru, jibu moja liko kwenye hesabu hiyo.

Basi tukiweka hadithi hizi pamoja, tunaona ujuzi peke yake haukumvusha mtu popote. Kila aliyevuka alikuwa na ujuzi pamoja na kitu kimoja au viwili kati ya hivi vinne: shule ya kumpokea, vifaa vya kuanzia, majirani wenye chombo kilichoharibika, na karatasi inayoheshimiwa na aliyekaa mezani. Engelbart alikuwa na shule. Lovell alikuwa na vifaa. Ibuka alikuwa na majirani. Askari wa Kenya alikuwa na ujuzi, akapewa karatasi isiyo yake.

Nasema haya kwa sababu ya vijana wetu. Wapo hapa wanaofungua redio na simu, wanaofufua taa za sola na betri ambazo wengine wameshazitupa. Wengi walijifunza kwa mjomba au kwa jirani. Lakini wapo wachache, na sitamtaja hata mmoja, waliojifunza porini, wakiwa wadogo, mikononi mwa watu wenye silaha. Huko ndiko walikozoea zile redio za mkononi ambazo kwetu tunaziita motorola hata kama kampuni iliyozitengeneza ni nyingine. Walijifunza kuzichaji kwa sola, kubadilisha betri, kurudisha waya uliokatika. Hawakuomba kujifunza. Walilazimishwa.

Kijana wa namna hiyo akiulizwa, "Ulijifunza wapi?" ananyamaza. Na ana sababu. Kambi ya wakimbizi ni mahali pa raia. Kanuni za kimataifa zinasema mpiganaji hawezi kuhesabiwa mkimbizi mpaka ithibitike ameacha silaha kabisa. Kanuni hiyo ni nzuri, inatulinda sisi sote. Aliyechukuliwa akiwa mtoto anapaswa kutazamwa kwanza kama mtoto aliyeumizwa. Lakini hofu haisomi kanuni. Nilimsindikiza mmoja kwenye ofisi fulani ya mafunzo. Alitengeneza redio yao iliyokuwa mezani, ikaongea. Wakashukuru. Halafu wakamwomba cheti cha kidato cha nne na barua ya alikojifunzia. Tukarudi nyumbani.

Morita aliambiwa asifundishe kwa sababu alivaa sare akiwa mtu mzima, kwa hiari au kwa amri ya nchi yake. Huyu wa kwetu hata sare hakupewa. Lakini mlango ni uleule.

Je, tufanye nini? Sina sheria ya Roosevelt mfukoni. Ila kutokana na historia hii naona mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, tubadilishe swali. Badala ya "ulijifunza wapi," tuulize "unaweza kutafuta kosa?" Mweke mezani na chombo kilichokufa, mwangalie anavyogawa. Zipo taasisi zinazokubali kumpima mtu kwa anachoweza kufanya. Kenya kuna majaribio ya ufundi ya NITA, yenye gredi tatu, unaanza ya tatu unapanda hadi ya kwanza. Tanzania VETA imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya darasa. Uganda kumekuwa na hati ya Worker's PAS kwa mtu aliyejifunza kwa vitendo. Mitihani hiyo ina ada na ina foleni, na mkimbizi ataulizwa hati zake za utambulisho. Ni kweli. Lakini mtahini anakuuliza ufanye, haulizi ulikuwa porini au darasani. Kikundi chetu kikichanga ada ya mtu mmoja kila baada ya miezi kadhaa, baada ya muda tutakuwa na mafundi wenye karatasi inayofungua.

La pili, tuandike. Kila fundi wa kambini awe na daftari: tarehe, chombo gani kililetwa, kilikuwa na shida gani, alipima wapi, alibadilisha nini, mwenye chombo akatia saini. Si cheti, lakini ni ushahidi. Miaka miwili ya daftari la namna hiyo ina nguvu kuliko maneno. Na hili ni muhimu zaidi kwa yule asiyeweza kusema alikojifunza, kwa sababu daftari linaanzia siku aliyofika kwetu. Nyuma ya hapo halimdai kitu.

La tatu, tupeleke vyombo vyetu kwao. Tokyo hawakuokolewa na wahisani kwanza. Waliokolewa na majirani waliopanda ngazi za jengo bovu, redio kwapani, na pesa kidogo ya kulipa. Sisi hapa simu ikiharibika tunakimbilia mjini, au tunamwambia kijana wa jirani, "Nifanyie tu, wewe si mtoto wetu?" Kumfanyisha bure si kumsaidia. Mlipe, hata kama ni kidogo. Fundi anayelipwa ananunua spea, na mwenye spea anapata kazi ngumu zaidi, na kazi ngumu ndiyo inayomfundisha.

Wako watakaosema ujuzi wa porini una damu, usiguswe. Naelewa uchungu wao, nami nimezika watu. Lakini magnetroni ilizaliwa kwa ajili ya kuua manowari na ndege, na leo iko ndani ya oveni zinazopasha chakula kwenye majiko ya watu. Chombo hakitubu. Anayebadilika ni mtu, na mtu habadiliki akiwa amefungiwa milango yote isipokuwa ule alikotoka. Kijana anayejua kufufua redio, akikosa wa kumpa ya kufufua huku, kule porini bado wana redio zinazoharibika. Nao hawaulizi cheti.